Cheti Pasipo Darasa

Katika jamaa zetu nyingi yuko mtoto aliyehamia Marekani, na mara nyingi twasikia kwamba anatafuta kazi ya kuwatunza wazee. Halafu huja neno linalowashangaza wazazi: asema atapata cheti cha msaidizi wa wauguzi bila kuingia darasani. Je, asema kweli, ama ameangukia mikononi mwa wadanganyifu?

Jambo hilo lawezekana, lakini si katika kila jimbo. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1987, pamoja na kanuni zake, yadai mafunzo ya saa 75 angalau, na 16 kati yake ziwe za kazi ya mikono chini ya macho ya muuguzi. Kisha mtihani. Jimbo la Florida limefungua mlango wa pili. Huko mtu aliyetimiza miaka 18, anayejua kusoma na kuandika, ambaye mwenendo wake umechunguzwa kwa alama za vidole na kuonekana safi, aruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye mtihani. Akishindwa mara tatu, hana ruhusa ya kujaribu tena mpaka amalize mafunzo.

Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali, na anayelemewa na maandishi aweza kuchagua kusomewa. Ya pili ni kazi yenyewe mbele ya muuguzi, na hapo ndipo watu wetu wanapojikwaa.

Maana kwetu mgonjwa akilazwa hospitalini, ndugu zake humfuata na sufuria na mkeka. Dada au shangazi ndiye anayemwosha, anayemlisha, anayemgeuza usiku. Basi msichana wa Bukavu au Lubumbashi hujiambia: kazi hii naijua tangu utoto. Kwa moyo, anaijua kweli. Lakini mtahini hapimi moyo, anatazama utaratibu. Umebisha hodi na kutaja jina lako? Umenawa mikono? Umevuta pazia, mzee asionekane uchi? Umemwosha uso kwanza, na sehemu za chini mwishoni, usipeleke uchafu machoni? Umefunga breki za kiti cha magurudumu kabla ya kumwinua? Umeacha kengele karibu na mkono wake? Mapigo ya moyo huhesabiwa na kuandikwa, hayakisiwi. Mama aliyemwuguza mzazi wake miaka mitatu aweza kushindwa kwa breki moja tu, naye ataona ameonewa. Hakuonewa: mzee akianguka, nyonga huvunjika, na wengi hawatembei tena.

Kwa hiyo mlango wa pili wamfaa hasa muuguzi aliyesoma kwetu, ambaye diploma yake haijamruhusu bado kufanya kazi ya uuguzi kule. Asiyejua kazi hiyo hapati faida kubwa kwa kukwepa darasa. Tena sheria yakataza nyumba ya wazee inayolipwa na serikali kumtoza msaidizi iliyemwajiri gharama za mafunzo na mtihani. Na aliyejilipia mwenyewe, akiajiriwa katika nyumba ya namna hiyo kabla ya miezi 12 kupita, hurudishiwa. Mzazi anayeombwa fedha aulize kwanza habari hiyo.

Anayeuza karatasi bila mtihani ni mwizi. Mwezi wa Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka juu ya watu 25, kwa ajili ya diploma na hati za uuguzi za uongo zaidi ya 7,600 zilizotoka katika shule tatu za Florida. Zilikuwa za wauguzi wenyewe, si za wasaidizi. Lakini wagonjwa ni wale wale.

Mwajiri hutazama daftari la jimbo, ambamo kila mwenye cheti ameandikwa. Na aliyekaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya uuguzi yenye mshahara, hudaiwa kupimwa upya.