Bukama inaweza kutembelewa, lakini ianze na wakaaji wake

Mtu akisema leo kwamba Bukama ni mji wa kwenda kutembea siku nzima, wengi watamcheka. Mji huu wa Haut-Lomami unajulikana kwa samaki, treni inayochelewa, mafuriko ya Lualaba na kipindupindu. Matembezi, watu husema, ni ya Paris au Rio de Janeiro. Lakini kicheko hicho kinasahau kwamba miji mingine inayojaa wageni leo haikuanza kwa kuwafikiria wageni. Ilianza kwa kurahisisha maisha ya watu wake.

Mfano mzuri ni Medellín, mji wa pili kwa ukubwa nchini Kolombia, Amerika ya Kusini. Mgeni anayefika huko hana haja ya kukimbia. Asubuhi anazunguka katika uwanja wenye sanamu 23 kubwa za Fernando Botero, mzaliwa wa mji huo, ambaye alizitoa zawadi. Kisha anapanda metro, iliyoanza kazi mwaka 1995, na baadaye kibanda kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma na kumpandisha mlimani juu ya mapaa ya nyumba za maskini. Jioni anamalizia katika mtaa wa Comuna 13, ambako ngazi za umeme zinapanda kati ya nyumba zenye kuta zilizochorwa.

Mwaka 1991, Medellín ilihesabiwa kati ya miji yenye mauaji mengi zaidi duniani. Mwaka 2002, jeshi na polisi walipigana na makundi yenye silaha ndani ya Comuna 13. Vibanda vya kamba vilianza kazi mwaka 2004, na ngazi za umeme mwaka 2011. Havikuwekwa kwa ajili ya watalii, bali ili mama anayeishi mlimani afike kazini au hospitalini bila kuchoka. Wageni walikuja nyuma, na leo vijana wa mtaa huo wanapata chakula kwa kuwaongoza na kuwasimulia yaliyopita.

Bukama haina metro, na hakuna anayeiomba. Lakini siku moja ya matembezi hapo ina mengi ya kuonyesha. Asubuhi ni ya reli. Mwaka 1918, reli iliyotoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama, na mji ukawa mahali ambapo treni inakabidhi mizigo kwa mashua. Kutoka hapo mto unapitika kwa mashua hadi Kongolo. Mwaka 1928 reli ilifika hadi Ilebo, kwenye mto Kasai. Anayesimama karibu na daraja la Bukama anaona mahali ambapo historia ya shaba ya Katanga ilivuka Lualaba.

Saa za mchana ni za kivukoni: mitumbwi inashusha samaki, akina mama wanapatana bei, na bukari inaliwa ikiwa moto. Alasiri ni ya mtumbwi, taratibu, kati ya mafunjo na ndege. Mwenye siku zaidi atashuka na mto hadi Ziwa Kisale. Kando yake, Sanga, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta vyungu vizuri na vyombo vya shaba vilivyozikwa na wenyewe. Makaburi mengine yana zaidi ya miaka elfu moja. Mtoto wa Bukama anayeambiwa shuleni kwamba ustaarabu ulikuja na treni angepaswa kupelekwa kule kwanza.

Kuna watakaosema: maji safi kwanza, utalii baadaye. Wana haki kabisa kuhusu maji. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika bonde hili, na mto ukipanda, watu wanalala nje. Tena, makundi yenye silaha yamewahi kuleta vifo hadi ndani ya Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Hakuna mgeni wa kualikwa mahali ambapo mwenyeji mwenyewe anaogopa. Lakini Medellín inaonyesha kwamba si lazima kuchagua kati ya mambo haya mawili. Bomba la maji safi, vyoo na ngazi imara pale kivukoni vitamfaa kwanza muuza samaki, kila siku. Mgeni atavikuta vipo.

Jambo lingine halihitaji hata pesa. Katika nchi hii, kupiga picha ya daraja, kituo cha treni au bandari kunaweza kumletea mtu maswali, kisha madai ya franga. Daraja linalovukwa mchana mbele ya watu wote si siri. Serikali ya jimbo na wakuu wa teritware wangetangaza wazi kwa maandishi ni wapi picha zinaruhusiwa, na kwamba hakuna malipo yanayodaiwa njiani bila karatasi. Mgeni anayenyang'anywa simu hatarudi, na atawaambia wengine wasije.

SNCC nayo ingeweza kuweka kibao kimoja tu kituoni, kikieleza kwa Kiswahili, Kiluba na Kifaransa nini kilitokea hapo mwaka 1918. Walimu wangewapeleka wanafunzi wao kukisoma. Watalii wa kwanza wa Bukama si lazima watoke ng'ambo. Wanaweza kuwa watoto wa Kamina, wazaliwa wa Bukama wanaoishi Lubumbashi, na hata wakaaji wa mji huu ambao hawajawahi kuambiwa kwamba wanapoishi pana kitu cha kutazama.