Mboga si majani tu: kuacha nyama bila kuacha afya

Hapa Mapendo, mtu akitangaza kwamba ameacha nyama, huulizwa maswali mawili kabla hajamaliza kuketi. La kwanza: ni kanisa gani? La pili: ni shida ya pesa? Swali la tatu, ambalo ndilo la maana, huchelewa kuja, na mara nyingi hutoka kwa mama mwenye jiko: «Sasa unakulaka nini?» Nimeulizwa yote matatu tangu nilipoacha nyama na samaki, yapata mwaka mmoja na nusu sasa. Nataka kulijibu la tatu. Jibu lake limo nusu katika sufuria na nusu katika lugha, na kwa sababu ya nusu hiyo ya pili nimeona linafaa kuandikwa katika jarida la kitivo chetu.

Nianze na lugha. Neno tunalotumia kila siku kwa chakula kisicho nyama ni «mboga». Lakini mboga katika Kiswahili cha kwetu ni nini? Mama akikuambia «bugali iko, mboga ndiyo haiko», hasemi kwamba hakuna majani. Anasema hakuna kitu cha kulia bugali. Kitu hicho kinaweza kuwa sombe, maharagi, sambaza, makayabu au nyama ya mbuzi. Mboga ni nafasi katika sahani, si aina ya kiumbe. Ukivuka mpaka tu, hali inabadilika: katika Kinyarwanda, «imboga» ni majani ya kupikwa, na nyama haiwezi kuingia humo. Shina ni lile lile, maana zimeachana. Kwa hiyo mtu wa Goma anayesema «ninakula mboga tu» hajasema lolote kuhusu nyama.

«Nyama» nalo lina historia yake. Wataalamu wa Kibantu wamejenga upya shina *-nyama kwa maana mbili pamoja: mnyama na nyama yake. Kiswahili kimezitenganisha kwa kiambishi, kikapata mnyama na nyama. Kilingala kimebaki na «nyama» kwa mnyama, na kwa kile kinachokaangwa kina «mosuni». Samaki, kwa masikio yetu, hayumo katika neno hilo. Ndiyo maana mara nyingi naambiwa kwa moyo safi kabisa kwamba sombe «haina nyama», na chini ya sufuria kuna unga wa sambaza au kipande cha makayabu. Mpishi hajasema uongo. Mimi ndiye ninayehitaji kuuliza vizuri: «Umeweka samaki ndani? Umeweka sambaza?»

Wapo watakaosema kwamba kukosa neno ni dalili kuwa jambo lenyewe si letu, ni mtindo wa Wazungu. Hoja hii ni dhaifu. Waingereza wenyewe walikuwa wakimwita mtu asiyekula nyama mfuasi wa Pythagoras, mpaka neno «vegetarian» likaenea katika karne ya 19. Chama chao cha kwanza cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1847. Neno «vegan», kwa yule asiyetumia hata maziwa na mayai, lilibuniwa mwaka 1944 tu, wakati wa vita. Watu walikuwa wanakula hivyo kabla ya kuwa na jina. Na sisi pia. Sahani ya bugali, maharagi na lengalenga haikuletwa na mtu yeyote kwa ndege.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na siwezi kuipita kwa haraka. Inasema: katika mji huu, ambamo watu wamehama mara ngapi na mizigo kichwani, kuchagua kutokula nyama ni dhihaka kwa yule asiyeipata. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana kinatofautisha vizuri. Kuna kukosa nyama, kuacha nyama, kukataa nyama, kujinyima nyama na kufunga nyama. Mkatoliki hufunga nyama siku za Ijumaa za Kwaresima. Walioishi katika kambi za Kanyaruchinya na Bulengo walikosa nyama, na walikosa mengi kuliko nyama. Vitenzi hivi havifanani, na mtu anayeviunganisha anawakosea wote. Mimi nimeacha. Sina haki ya kumwambia aliyekosa kwamba kukosa kwake ni afya. Mtu asiyekuwa na chochote ila muhogo hafuati mlo wowote. Ana njaa, na njaa inahitaji chakula, haihitaji falsafa.

Tena ni hapo hapo hatari ya kweli inapojificha. Mama mdogo wangu aliposikia habari zangu alisema nitapata bwaki. Tulicheka, lakini hofu yake ina msingi. Bwaki ni jina la huku Kivu la ugonjwa ambao vitabu vya udaktari vinauita «kwashiorkor»: mtoto huvimba miguu na uso, nywele hubadilika rangi, hamu ya kula hupotea. Kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, kiliuchunguza tangu enzi ya ukoloni. Jina la kimataifa lenyewe ni la Kiafrika. Daktari Cicely Williams aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alilichukua kutoka lugha ya Kiga akalichapisha mwaka 1935. Linahusu ugonjwa wa mtoto ambaye nafasi yake kwa mama imechukuliwa na mdogo wake. Akina mama wa Kiga walikuwa wameona kile ambacho madaktari walikuwa hawajakiandika: mtoto anaachishwa ziwa, na kinachofuata ni uji mtupu.

Neno la pili limetoka nchini kwetu. Konzo ni neno la Kiyaka, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa huo kutoka Kwango: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Chanzo kinachojulikana ni muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, pamoja na mlo wenye protini kidogo mno. Mwili hutumia sehemu fulani za protini, zile zenye salfa, kuiondoa sumu ya muhogo. Zikikosekana, sumu inabaki.

Maneno haya mawili, moja la Kiga na moja la Kiyaka, yanatufundisha jambo moja. Tatizo si kukosekana kwa nyama peke yake. Tatizo ni sahani ambayo nafasi ya mboga imebaki tupu, au imejazwa majani machache tu. Madaktari bado wanabishana kuhusu chanzo chote cha bwaki, lakini hakuna anayebisha kwamba bugali ya muhogo na maji ya chumvi haimtoshi mtu.

Basi tujaze nafasi hiyo. Mtu mzima mwenye afya huhitaji karibu gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji takriban gramu 48. Gramu 400 za unga wa muhogo hazimpi hata 10. Gramu hizo hizo za unga wa mahindi humpa zaidi ya 30. Gramu 150 za maharagi makavu, zilizopimwa kabla ya kupikwa, humpa nyingine 30 na zaidi. Konzi ya karanga ya gramu 50 huongeza kama 12. Soya ndiyo tajiri kuliko zote: gramu 100 zina karibu 36. Kwa hiyo bugali ya mahindi, maharagi na karanga zilizosagwa ndani ya sombe inamvusha mtu bila wasiwasi. Bugali ya muhogo na matembele peke yake haimvushi, hata akila mpaka ashindwe kusimama.

Tena nafaka na maharagi vinakamilishana: kile kinachopungua katika mahindi kimo katika maharagi, na kinyume chake. Si lazima viliwe saa moja; siku moja inatosha. Bibi zetu waliochanganya mahindi na maharagi katika chungu kimoja hawakungoja maabara iwaambie.

Chuma kinahitaji akili kidogo zaidi. Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama. Vitamini C hukisaidia: kamulia limau juu ya lengalenga, kula nyanya, pera au chungwa na chakula chako. Chai na kahawa hukizuia, kwa hiyo ngoja saa moja baada ya kula ndipo unywe. Maharagi yaloweke usiku kucha na maji yale uyamwage. Hilo hupunguza vitu vinavyokamata chuma na zinki, na pia huokoa makala jikoni. Kituo cha INERA cha Mulungu, Kivu Kusini, kimeshughulika na maharagi yenye chuma zaidi kuliko ya kawaida. Anayepata mbegu yake aipande. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemshwe kwa muda mrefu, kwani jani la muhogo nalo lina sumu ile ile ya mzizi.

Sasa jambo ambalo sitaki mtu alipite. Kuna vitamini moja, B12, ambayo mimea haina. Haimo katika sombe, haimo katika soya, haimo katika asali. Mtu mzima anahitaji kidogo sana, mikrogramu 2.4 hivi kwa siku, lakini hicho kidogo hakina mbadala. Ini huweka akiba ya miaka, na ndiyo hatari yake: unaweza kujisikia mzima muda mrefu, kisha damu ikapungua, vidole vikafa ganzi na kumbukumbu ikalegea. Anayekula mayai, maziwa na jibini la Masisi kila mara ana njia. Mimi niko katika kundi hili, na jibini la Masisi linapatikana mjini njia ikiwa wazi. Asiyegusa hata hivyo anunue vidonge vya B12 kwenye duka la dawa, na avimeze bila kuona haya. Anayekuambia kwamba sala au majani fulani yatakuletea B12 hakutakii mema.

Na mtoto mdogo asiingizwe katika uamuzi wetu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri tena kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 apewe kila siku chakula kitokanacho na mnyama: nyama, samaki au yai. Tumbo lake ni dogo, mahitaji yake ni makubwa. Huku Kivu tuna sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika na kutiwa katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1950, na unga wake katika uji umesaidia watoto wengi. Sile sambaza, lakini nikimwona mama anamtilia mwanawe, namshukuru. Mwenye mimba na anayenyonyesha, wakitaka kuacha nyama, waongee kwanza na muuguzi.

Linabaki suala la heshima, ambalo kwetu ni zito kuliko protini. Ukienda kijijini, nyama ni namna ya kusema «tumekuona». Kuisukuma sahani ni kusukuma neno hilo. Nimejifunza kusema mapema, kabla kuku hajakamatwa: «Mama, nimeacha nyama, lakini maharagi yako nayasikia tangu njiani.» Akijua mapema, hana la kuficha wala la kusikitikia, na mgeni amepokewa vile vile.

Ombi langu kwa wenzangu wa kitivo ni dogo. Mashirika mengi yanayopita hapa hutuomba tutafsiri ujumbe wa lishe katika Kiswahili, Kinande, Kihunde au Mashi. Ujumbe huo mara nyingi husema «kula mboga kwa wingi». Kwa msomaji wa hapa, sentensi hiyo haimwambii chochote, au inamwambia kitu tofauti na alichokusudia mwandishi. Tuandike majina: maharagi, soya, karanga, lengalenga, yai. Tuandike kipimo anachokijua mama, yaani kikombe na konzi, si gramu kama nilivyofanya mimi kwa wasomaji wa jarida hili. Na tusiandike «chakula cha maskini» kuhusu maharagi hata kwa mzaha, maana kuna mwanafunzi anayeyaonea haya maharagi na kununua kipande cha nyama mara moja kwa wiki, siku sita nyingine akala bugali kavu.

Kwa maoni yangu, sahani ya maharagi kila siku inamlisha mwanafunzi huyo kuliko nyama yake ya Jumapili. Nyama aile akitaka. Ila siku zile sita zisipite bila mboga, kwa maana ya kwetu ya neno hilo.