Tamko Kuhusu Nafasi ya Makamu wa Rais: Kura Moja Huchagua Viongozi Wawili




Sisi walimu wa somo la uraia, tuliokutana katika mkutano mkuu wa chama chetu, tunatoa tamko hili kwa sababu nafasi ya Makamu wa Rais wa Tanzania haifahamiki inavyostahili. Wapo wanaodhani kazi yake ni kufungua mikutano na kuweka mawe ya msingi. Katiba haisemi hivyo.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1977, Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 47 inamfanya Makamu kuwa msaidizi mkuu wa Rais katika mambo yote ya Jamhuri ya Muungano. Hufuatilia utekelezaji wa Mambo ya Muungano siku hadi siku, hutekeleza anayoagizwa na Rais, na hushika kazi za Rais akiwa nje ya ofisi au nje ya nchi. Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu hutoka upande wa pili.

Tangu uchaguzi wa 1995, wawili hao huchaguliwa kwa pamoja. Mpiga kura akiweka alama ya vema kwa mgombea urais, amemchagua na mgombea mwenza.

Uzito wa alama hiyo tuliuona mwaka 2021. Rais John Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi, kipindi chake kikiwa bado na zaidi ya miaka minne. Tarehe 19 Machi, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa na Jaji Mkuu, Ikulu ya Dar es Salaam. Uchaguzi mpya haukuitishwa, kwa kuwa Ibara ya 37 inampa Makamu muda wote uliobaki. Tarehe 30 Machi, Bunge mjini Dodoma lilimthibitisha Philip Mpango kuwa Makamu kwa kura zote 363.

Nchi ilivuka msiba ule bila kiti kugombaniwa, kwa sababu njia ilikuwa imeandikwa mapema.

Kwa hiyo:

1. Tunavitaka vyama vya siasa vimpime mgombea mwenza kwa vigezo vilevile vya mgombea urais.

2. Tunaviomba vyombo vya habari vimhoji mgombea mwenza kwa kina kuhusu Muungano, uchumi na ulinzi.

3. Tunawahimiza walimu wenzetu wafundishe Ibara za 37 na 47 kwa mifano, si kwa kukaririsha.

4. Tunawasihi wapiga kura wajiulize: je, huyu wa pili naye ningemkabidhi nchi? Kama jibu ni hapana, wafikiri upya kabla ya kutia alama.

Mungu ibariki Tanzania.

Imetolewa na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.