Simu Yangu, Majina ya Watu

Upo msemo uliozuka hapa Idodi tangu simu za kioo zilipoanza kuenea: "Simu ni yangu, nitaweka ninachotaka." Husemwa na kijana aliyemaliza shule jana, na husemwa na mzee aliyetoka kuuza mpunga wake. Mimi mwenyewe niliusema, kifua mbele. Leo naandika kuupinga, kwa sababu msemo huo ni uongo, na uongo wake umenivunjia heshima mbele ya mama mkwe.

Baada ya mavuno nilikwenda Iringa mjini nikanunua simu janja. Kijana wa dukani akaniuliza, "Mzee, nikuwekee programu?" Nikajibu, "Weka zote." Kosa langu lilianzia hapo. Nikienda kununua mbegu simwambii muuzaji anipe kila mbegu aliyo nayo. Namuuliza ipi inafaa udongo wangu. Lakini mbele ya simu tunaona aibu ya kutojua, na kwa aibu hiyo tunamkabidhi mtu tusiyemjua afungue milango yetu yote.

Nilirudi kijijini na kioo kilichojaa vijipicha kama ukuta wa matangazo stendi. Kulikuwa na michezo ya kubahatisha. Kulikuwa na tochi, ilhali simu ilikuja na tochi yake. Kulikuwa na programu ya kusafisha simu, na tatu za mikopo ambazo kijana yule hakuzichukua kwenye duka la programu, bali alizirusha kutoka simu yake.

Hasara ya kwanza ilikuwa chaji. Sisi tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tembo hawasomi mipaka. Usiku mmoja waliingia mashambani, majirani wakapigiana simu ili watoke na matochi na madebe. Mimi sikupatikana. Simu yangu ilikuwa imezimika tangu saa mbili, imenyonywa na programu nisizozifungua hata siku moja. Simu yangu ya zamani ya vitufe ilikuwa ikikaa na chaji siku tatu. Kwa mtu wa mjini chaji ikiisha ni usumbufu. Kwetu ni chakula cha mwaka.

Hasara ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Wakati wa palizi nilipungukiwa fedha za vibarua. Nikafungua programu moja ya mkopo, nikaomba shilingi 100,000. Iliniuliza kama naruhusu isome majina yaliyomo katika simu. Nikabonyeza "Ruhusu" kama mtu anayefukuza nzi. Zikaingia shilingi 65,000, na baada ya siku saba nikadaiwa 100,000 kamili. Nilipochelewa siku mbili, ujumbe ukatumwa kwa watu waliokuwa katika simu yangu, kwamba mimi ni tapeli. Ulimfikia mama mkwe, ambaye tangu nimwoe binti yake sijapata kukaa naye mkeka mmoja. Hajui kusoma. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea, kwa sauti, mbele ya wageni.

Sasa niambieni: simu ilikuwa yangu, ndiyo, lakini namba ya mama mkwe ilikuwa ya nani? Alinipa ili nimjulie hali. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kukopeshana alinipa yake kwa ajili ya kikundi. Hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa mdhamini wangu, nami niliwaweka rehani wote kwa kidole kimoja. Ndiyo maana nasema kuchagua programu si starehe ya mtu binafsi. Ni kama kuchagua nani apite uani kwako wakati wageni wako wamelala ndani.

Wapo watakaosema, "Aliyekopa alipe." Nakubali, na nililipa. Lakini deni hudaiwa kwa mdaiwa. Halidaiwi kwa ukoo wake kwa matusi. Wengine watasema, "Mnyonge atakopa wapi? Benki inataka hati na dhamana." Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Kilichonipeleka kwenye programu ile ni shida ya kweli, na anayewacheka waliokopa huko hajawahi kuona magugu yakimeza mpunga. Lakini mkopo unaokata theluthi kabla haujakufikia, kisha ukataka yote kwa juma moja, hauondoi unyonge, unauchuma. Watu hawakukosea walipouita kausha damu.

Wengine tena hutupa lawama zote kwa serikali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata kampuni ya Google ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina na picha za watu, kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Yote ni mema. Lakini orodha haiji shambani kwa miguu yake, na programu iliyorushwa kutoka simu hadi simu haipiti kwenye mlango wa duka lolote. Mlango wa mwisho ni kidole chako.

Siku hizi simu yangu naitunza kama mfereji. Mkulima wa mpunga hafungulii maji yote kwa kuwa tu mto umejaa; hufungua kwa zamu, kwa jaruba linalohitaji. Kila programu naiuliza maswali matatu. Inafanya kazi gani ambayo tayari ninayo? Kwa kazi hiyo, inahitaji kweli inachokiomba? Tochi inayotaka majina ya watu si tochi, ni mwizi aliyeshika tochi. Na je, bila hiyo siwezi? Kutuma fedha naweza kwa *150*00# au namba ya mtandao wangu, bila bando. Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu naziangalia kwa *106#.

Ukurasa wa kwanza umebaki na vitu sita: kupiga simu, ujumbe, WhatsApp kwa ajili ya kikundi na watoto walioko mbali, kikokotoo, kamera na redio. Vingine nimeviondoa, na vile nisivyoweza kuviondoa nimevinyima ruhusa katika mipangilio ya simu. Chaji sasa inafika asubuhi.

Vijana hunicheka kwamba nina simu kubwa yenye mambo machache. Wacheke. Jembe halisifiwi kwa mapambo ya mpini. Ila nawaomba jambo moja, na siwaombi kwa upole: ikiwa jina langu limo katika simu yako, kabla hujabonyeza "Ruhusu", njoo uniulize kwanza kama nimeruhusu.