Mteja Si Mfalme

Ziko semi ambazo watu huzirudia hata zikapata heshima zisizoistahili, na moja ni hii isemayo kwamba mteja ni mfalme. Utaikuta imeandikwa kwa rangi ukutani mwa hoteli, pengine karibu na tangazo jingine lisemalo kwamba leo hakuna mkopo, uje kesho. Mimi naikanusha. Naikanusha kwanza kwa sababu si kweli. Na pili kwa sababu hata ingalikuwa kweli, isingalikuwa njema.

Kwamba si kweli, msomaji, huna haja ya kwenda mbali kushuhudia. Shuka Kendu Bay wakati wa adhuhuri, uketi katika mojawapo ya hoteli ndogo za samaki, utazame. Mvuvi aliyekesha ziwani ameketi kitambo, miguu yake ina matope, wala hakuna aliyemwuliza atakacho. Mara gari kubwa lasimama nje. Watoka watu wawili waliovaa vizuri, na papo hapo meza yafutwa, maji ya kunawa yaletwa vuguvugu pamoja na sabuni, na mhudumu aliyekuwa kiziwi asikia kila neno. Ngege aliyekuwa akikaangwa, ambaye kwa haki ni wa mvuvi, apelekwa kwa wageni. “Mzee, ngoja kidogo,” aambiwa yule wa kwanza. Naye angoja. Yumkini samaki huyo alimvua yeye mwenyewe! Basi mfalme hapa ni nani? Mfalme ni gari.

Usidhani kwamba ugonjwa huu ni wa miji midogo tu. Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa Kanyadhiang', karibu na Kendu Bay, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 jinsi yeye na dada yake walivyoketi katika hoteli kubwa ya Nairobi, katika miaka ya 1980, wahudumu Waafrika wakawapita na kwenda kuwahudumia watalii Wazungu. Uhuru wakati huo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20. Tena, mwezi wa Machi mwaka 2015, mkahawa mmoja wa Wachina jijini Nairobi ulivuma kote kwa sababu ulikuwa ukiwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Nchi ilighadhibika, na ilikuwa haki yake kughadhibika. Mkahawa ukafungwa, na mwenyewe akafikishwa mahakamani kwa makosa ya leseni. Lakini ni nani aliyeghadhibika kwa ajili ya mvuvi wetu? Aliyemdharau ni ndugu yake, wala hakubandika amri yoyote mlangoni. Alimwacha tu angoje.

Utaniuliza, mbona yeye mwenyewe hasemi? Hasemi kwa sababu amefunzwa tangu utotoni kwamba kulalamikia chakula ni utovu wa adabu. Mafunzo hayo ni mema nyumbani kwa mama, na ni mema zaidi nyumbani kwa mtu aliyekukaribisha. Hotelini hukukaribishwa, umenunua. Aliyenunua shati lenye tundu hulirudisha dukani bila ya kuona haya, lakini aliyeuziwa samaki aliyelala siku tatu humla akakunja uso, akalipa, akashukuru, kisha akaugua kimya kimya kwake.

Sasa tazama yaliyotokea mteja mwingine aliposema. Mbuta, samaki aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, hukatwa minofu viwandani na kupelekwa ng'ambo. Kati ya mwaka 1996 na 2000 wanunuzi wa Ulaya walimkataa zaidi ya mara moja: kwanza kwa ajili ya vijidudu, kisha mwishoni mwa 1997 kwa hofu ya kipindupindu, halafu mwaka 1999 iliposikika kwamba wako wavuvi wanaotumia sumu ziwani. Je, Ulaya iliambiwa kwamba haina adabu? La, hasha! Viwanda vilisafishwa, wakaguzi wakafunzwa, maabara zikatafutwa, na serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zikahangaika hata samaki wakapokelewa tena. Lakini minofu ikienda Ulaya, vichwa na mifupa hubaki huku. Ndivyo tuviitavyo mgongo wazi, vikakaangwa kando ya barabara na kuliwa na watu wa ziwa wenyewe. Samaki ni yule yule mmoja. Mlaji wa minofu alipiga kelele, na ziwa zima likamsikia. Mlaji wa mgongo wazi hakujisemea, kana kwamba kipindupindu hulijua tumbo la Mzungu peke yake.

Tena sheria iko upande wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazohitaji, ya kulindwa afya yake na usalama wake, na ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara. Mwaka 2012 Bunge likatunga sheria maalumu ya kumlinda. Haya hayakuandikwa kwa ajili ya wenye magari. Mwanafunzi anunuaye chai na mandazi ni mnunuzi kamili mbele ya katiba. Ikiwa habari ni haki yake, basi bei ni habari ya kwanza. Samaki hapimwi kwenye mizani. Huonyeshwa kwa kidole, na bei yake hukadiriwa kwa jicho, na jicho hilo aghalabu humtazama mlaji kuliko samaki. Mgeni kutoka Nairobi hutajiwa bei yake akiisha kula, ilhali mifupa haiwezi kurudishwa. Bei na iandikwe ukutani, mahali pale pale palipoandikwa habari za mfalme.

Wako watakaowatetea wenye hoteli ndogo kwamba ni maskini, kwamba maji wayanunua kwa mtungi, kwamba kuni ni ghali na ushuru hauwasamehi. Ni kweli, nami nawaonea huruma. Lakini kumsikiliza mtu kwa zamu yake hakuna gharama, wala samaki wa jana hageuki wa leo kwa sababu mwenye kumwuza hana mtaji. Mwambie bila ya ukali: “Mama, samaki huyu amekwisha haribika, tafadhali nibadilishie.” Akikataa, ondoka, nenda hoteli ya pili.

Nimesema pia kwamba usemi huu usingalikuwa mwema hata ungalikuwa wa kweli. Kilomita chache kutoka Kendu Bay liko ziwa la magadi liitwalo Simbi Nyaima, wanakotua heroe. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa kijiji. Jioni moja watu wake walikuwa katika karamu, wakila na kunywa, akatokea bibi kizee aliyechoka kwa safari, akaomba chakula na mahali pa kuota moto. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea, akamlisha. Huyo akaonywa atoke, na usiku ule mvua ikanyesha na kijiji kikazama. Angalia sana: bibi yule hakuwa na senti. Kwa kipimo cha ukutani hakuwa mteja, sembuse mfalme. Wafalme walikuwa wale waliokuwa wakinywa.

Na wafalme wa namna hiyo wangaliko. Baa si mahali pako, kijana. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 yamkataza aliye chini ya miaka 18. Lakini muziki wake wausikia kitandani, na huenda dada yako au shangazi yako ndiye anayebeba vinywaji humo. Mlevi humpigia mluzi kama mbwa, humshika mkono asiotaka ushikwe, huvunja chupa akacheka. Akilalamika, mwenye baa humnong'oneza anyamaze, maana mteja yule ana pesa. Kisha vipande vya chupa huviokota yeye, na mara nyingine thamani yake ikakatwa katika mshahara wake.