Mashine yachuja waomba kazi, haki ya maelezo i wapi?

KIJANA aliyehitimu chuo kikuu siku hizi anaweza kuomba kazi kumi kabla ya jua kuwa kali, naye yuko kwao Webuye au Voi. Hujaza fomu kwenye tovuti ya mwajiri, akaambatisha vyeti vyake na kubonyeza kitufe cha kutuma. Papo hapo hupata ujumbe kuwa ombi lake limepokelewa. Baada ya hapo, aghalabu ni kimya, mwezi baada ya mwezi.

Kimya hicho hakimaanishi kuwa hakuna uamuzi uliofanywa. Huenda ombi lilikataliwa katika sekunde chache na programu ya kompyuta, kabla ya binadamu yeyote kulitupia jicho. Hili ni badiliko kubwa katika uajiri, na bado halijajadiliwa inavyostahili.

Itakumbukwa kuwa uajiri wa mshahara nchini ulianza kwa dhuluma. Oktoba 1919, Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maafisa wa serikali ya kikoloni na machifu kuwahimiza Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kuhimiza huko kuligeuka kuwa kulazimisha.

Kipindi hicho ndipo mfumo wa kipande ulipoanza kutekelezwa. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba stakabadhi yenye alama za vidole na maelezo ya waajiri wake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning’inia shingoni. Mwajiri aliandika alilotaka, kwa lugha ambayo wengi wa waliokibeba hawakuweza kuisoma. Kipande na kazi ya kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku, karani wa simu mjini Nairobi, kuongoza upinzani mnamo 1921 na 1922. Mfumo huo uliondolewa mwaka wa 1947.

Baada ya uhuru, gazeti na sanduku la posta vilikuwa njia kuu ya kutafuta kazi. Sisi tuliohitimu mwanzoni mwa miaka ya tisini tulichanga pesa kununua gazeti moja, tukakata tangazo kwa wembe na kumlipa mpiga chapa atuandikie barua. Kisha tulitafuta bahasha ya kaki na stempu. Baada ya miezi miwili ilikuja barua fupi ya kusikitika.

Mimi nilikusanya tisa za aina hiyo. Ile ya tisa ilinikera hata nikafunga safari hadi katika ofisi iliyoituma. Karani aliifungua faili yangu mbele yangu, na ikabainika kwamba nakala ya shahada yangu ilikuwa imebanwa kwenye faili ya mtu mwingine. Niliitwa kwa mahojiano wiki iliyofuata.

Simsimulii msomaji haya ili kuzisifu enzi hizo. Kwa kila aliyesikilizwa, kulikuwa na wengi waliofungiwa mlango kwa sababu hawakuwa na mjomba ndani. Wala kuonana ana kwa ana si dawa ya ufisadi. Makurutu wa polisi walipoajiriwa viwanjani Julai 2014, hadharani, mamlaka ya kuchunguza utendakazi wa polisi, IPOA, ilienda kortini ikilalamikia hongo na ukiukaji wa sheria. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ilifutilia mbali uajiri wa makurutu 10,000.

Kwa hivyo, teknolojia ilipokuja ilikuwa na kila sababu ya kupokewa kwa mikono miwili. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti ilianza kuwa ya kasi na vituo vya saiba vikaenea hadi vijijini. Tume ya Utumishi wa Umma ikaanza kupokea maombi kupitia tovuti. Janga la corona lilipozuka 2020, hata mahojiano yakahamia kwenye video. Mkazi wa Mandera hahitaji tena nauli ya basi kuja Nairobi kuwasilisha bahasha, na mlemavu hahitaji kupanda ngazi za orofa ya tano.

Hata hivyo, wepesi huo umezaa tatizo jingine. Nafasi moja sasa huvutia maelfu ya maombi, na mengi yameandikwa kwa msaada wa akili unde hivi kwamba yanafanana kama sare za shule. Waajiri nao wamejibu mashine kwa mashine. Programu hulinganisha maneno ya tangazo na maneno ya wasifu-kazi, kisha huwapanga waombaji kwa alama.

Hapo ndipo wasiojiweza huumia. Binti aliyeendesha kibanda cha mamake kwa miaka mitatu anajua kuweka hesabu, kujadiliana na wauzaji wa jumla na kuwavumilia wateja wenye madeni. Asipotumia maneno ambayo programu imefunzwa kuyatafuta, ujuzi huo ni bure. Aliyepiga picha cheti chake kwa simu, ikatoka imepinda na yenye giza, huenda mashine isimsome kabisa.

Isitoshe, mashine hujifunza kutokana na yale tuliyotenda jana. Mwaka wa 2018 ilifichuliwa kwamba kampuni ya Amazon ya Marekani iliachana na programu ya kuchuja waomba kazi iliyokuwa ikiwabagua wanawake. Programu hiyo ilikuwa imefunzwa kwa wasifu wa miaka ya nyuma, ambao mwingi ulikuwa wa wanaume. Katika nchi ambamo ukabila na ujamaa vimeathiri uajiri kwa miongo mingi, je, mashine itajifunza nini kutoka kwa faili zetu?

Jambo la kutia moyo ni kwamba sheria ipo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine pekee katika jambo linalomwathiri pakubwa, ingawa kuna hali ambapo hilo linaruhusiwa, mathalan akitoa idhini. Uamuzi wa aina hiyo ukifanywa, mhusika anafaa kuarifiwa kwa maandishi, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya.

Ni waomba kazi wangapi wanaojua haya? Na ni wangapi waliotia alama ya kukubali masharti bila kujua walichokubali?

Waajiri watasema hawawezi kumjibu kila mtu. Lakini kompyuta inayoweza kuwakataa watu elfu tano kwa usiku mmoja haishindwi kuwatumia sentensi moja ya sababu, pamoja na anwani ya afisa wa kupokea malalamiko.

Kamishna wa Ulinzi wa Data anafaa kulitilia mkazo jambo hili, na taasisi za umma ziwe za kwanza kutoa mfano. Kipande kilimhukumu mfanyakazi kwa maandishi asiyoweza kuyasoma. Kijana wa leo anastahili angalau kile nilichokipata mimi kwa barua yangu ya tisa, yaani mtu wa kuifungua faili na kuitazama tena.