Moto Haujaribiwi Penye Hewa Tulivu

Nchini Marekani, raia huruhusiwa kujiundia ndege, ila sheria humtaka airushe kwanza kwa saa kadhaa za majaribio, bila abiria.

Tuseme ameunda pia mtambo wa kuzima moto wa injini. Akiujaribu ardhini, injini ikiwa imezimwa, moto huzimika. Angani, upepo upitao ndani ya boneti huweza kuipeperusha gesi, na petroli isipofungwa moto huwaka upya. Jaribio la ardhini limethibitisha tu kwamba mtungi unafunguka.

Naona nasi twaijaribu mipango yetu ya maafa vivyo hivyo: semina ukumbini, ripoti, makofi. Kabla ya kuisifu mipango hiyo, watumishi wa umma waulizwe: ni lini mara ya mwisho ilijaribiwa penye upepo?